Flashi ya zamani ya studio: kabla hujanunua mpya, ifanyie hivi

Haya wadau, karibuni tena. Leo nimezitoa kwenye begi hizi taa mbili, hizi flashi za studio za zamani za kuchomeka ukutani, nyuma zina kinobu cha kuzungusha na swichi mbili basi, hazina skrini wala nini. Kila siku naulizwa, kaka hizi si nizitupe tu ninunue mpya? Mi nasema ngoja kwanza. Wengi wanaolalamika taa yao haina nguvu hawajawahi kuipima hata siku moja, wanabahatisha tu. Leo tunapima.

Tuanze kabla hujachomeka chochote. Ona hapa mbele, hiki kifuniko cha plastiki ni cha kulinda glasi ukiwa unasafiri nayo, kitoe. Usicheke, mi nilishawahi kuwasha taa ya modelingi, ile balbu inayowaka muda wote kukuonyesha mwanga utaangukia wapi, kifuniko kikiwa juu, nikaenda kupanga stendi, narudi chumba kizima kinanuka plastiki na kifuniko kimelegea kama chapati haijaiva. Alafu kagua waya wote kwa vidole, ukikuta pamechubuka badilisha waya. Fyuzi ikiungua weka ya ampia zilezile, usiongeze. Na hapa nisikilize vizuri, taa yenyewe USIIFUNGUE, hata kama umeichomoa jana. Ndani kuna kapasita, vile vitunza umeme, zinazoshika volti 300 mpaka zaidi, na zinaweza kukaa na umeme muda mrefu, hizo zinaua mtu. Ikiharibika ndani mpelekee fundi anayezijua.

Sasa kama taa imelala mwaka au miaka kabatini, usiiwashe ukaipiga ful pawa papo hapo. Kapasita iliyokaa muda mrefu inataka kuamshwa taratibu. Weka kinobu chini kabisa, washa, iache hivyo kama nusu saa au saa nzima bila kuipiga. Baadae piga testi chache kwa nguvu ndogo ukipumzisha katikati, panda robo, panda nusu, mwisho ndo ful. Ukisikia mlio wa ajabu au harufu kali, zima, chomoa, imeisha hiyo. Ile harufu ya vumbi linaloungua dakika za mwanzo ni kawaida, hiyo isikutishe.

Inayofuata ndo watu wengi wanairuka alafu wanalilia kamera. Flashi za zamani baadhi yake zinatoa volti nyingi sana kwenye tundu la sinki, yaani pale unapochomeka waya wa kwenda kwenye kamera, mia na kitu, mbili na kitu, na kamera za dijitali si zote zinavumilia, ziko ambazo kitabu chake kinasema 250 na ziko ambazo mwisho ni 6. Kwahiyo chukua multimita, iweke DC kwenye renji ya juu, washa flashi isubiri ijae, alafu waya mwekundu unagusa kati ya tundu, mweusi unagusa pembeni. Soma. Hii yangu, subiri nisogeze muone... 11. Hii nyingine 160 na kidogo. Hii ya pili haigusi kamera yangu kwa waya, kamwe. Inawaka kwa jicho lake la slevu, kale kadude keusi hapa juu, ikiona mwanga wa flashi nyingine nayo inapiga. Ukitumia triga ya redio, kifaa cha kuiwasha flashi bila waya, kamera inabaki salama pia, ila cheki resiva, kile kipande kinachokaa kwenye taa, inaruhusu volti ngapi.

Na ukitaka kuiamsha slevu kwa flashi ndogo ya juu ya kamera, iweke manyuo, yaani nguvu unaipanga mwenyewe, 1/64 ya nguvu hivi, sio TTL, ile inayojipanga yenyewe. TTL inatoa mwanga mdogo wa kupima kabla ya picha, taa yako ya zamani inauona huo inapiga mapema, shata inafunguka taa imeshamaliza kazi. Mtu anasema slevu imekufa kumbe haijafa.

Haya sasa kupima, na hapa nitakaa kidogo. Weka taa mita 1 kutoka kwenye kadi ya kijivu, kamera manyuo, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, shata 1/125 ya sekunde. Anza ful pawa, tafuta ni f ngapi, yaani tundu la lenzi la ukubwa gani, kadi inakaa katikati ya histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera. Andika. Shuka nusu, andika, robo, andika. Tena utashangaa, kwenye yangu hii alama ya nusu sio nusu, inashuka karibu stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili), miaka yote nilikuwa nafanya hesabu ya uongo. Ndo maana ona nyuma hapa nimebandika tepu ya karatasi, nimeandika kwa peni: ful f/11, "nusu" f/7.1, nikifika kazini sibahatishi tena.

Ukiwa hapohapo piga picha 10 mfululizo bila kugusa kitu, uone kama zinafanana. Zikicheza moja ya mwanga moja giza, mara nyingi ni haraka zako, taa nyingi za zamani zinawasha kataa ka kijani kabla hazijajaa kabisa. Sikia mlio, hesabu moja, mbili, ndo upige. Picha zikifanana basi tatizo lilikuwa wewe, samahani lakini ndo hivyo. Angalia rangi pia, nyingi za zamani ukishusha nguvu mwanga unaelekea unjano kidogo, kwahiyo waiti balansi, ile mipangilio ya rangi kwenye kamera, ifanye kwa kadi kila ukibadilisha nguvu, na taa zote mbili ziende karibu na nguvu moja kama inawezekana.

Kosa lingine kubwa: umezungusha kinobu kutoka ful kwenda robo, ukapiga, picha imeungua, imejaa weupe. Taa za zamani nyingi hazimwagi chaji zenyewe, ule umeme wa ful bado umo ndani. Kila ukishusha, bonyeza testi mara moja, pwaa, alafu endelea. Mi kidole kinaenda chenyewe siku hizi.

Tuje kwenye nguvu sasa. Taa iko mita 2 kwa mtu, isogeze mita 1, umepata mwanga mara 4, stopu 2 nzima, bure. Na inakuwa laini zaidi usoni, na bakigraundi inaingia giza yenyewe. Stopu nyingine 2 zipo kwenye kamera, toka ISO 100 panda 400, taa ya juli 200 (juli ndo kipimo cha nguvu ya flashi) inafanya kazi ya taa ya 800. Hizi taa zilitengenezwa wakati wa filamu, watu walihitaji juli nyingi kweli, kamera ya sasa ISO 400 hata huoni chenga. Kwahiyo unayosema haina nguvu iko mita 3 kutoka kwa mtu, tena ndani ya softiboksi, lile boksi la kulainisha mwanga, la vitambaa viwili, ingekuwa na nguvu vipi?

Ikizidi nguvu hata ikiwa chini kabisa, igeuze ipige ukuta mweupe au dari, inapungua na inalainika kwa pamoja. Au ongeza kitambaa, au filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kwenye lenzi.

Shata usizidishe, 1/125 inatosha, na triga za bei rahisi ukienda 1/250 unapata mstari mweusi chini ya picha. Na mtu anayeruka ruka usimpige na hizi kwa nguvu ndogo ukitegemea kumgandisha, nyingi ukishusha nguvu mwako unakuwa mrefu zaidi, kinyume kabisa na flashi ndogo za kamera. Wachezaji dansi wapige na kile kiflashi kidogo.

Balbu ya modelingi kama ni ya kuzungusha ya E27 weka ya LED, joto linapungua sana, softiboksi haliungui, ila dima, ile ya kupunguza mwanga wa balbu, inaweza isifanye kazi au ikapepesa, mi naiacha ful tu. Mdomo wa mbele, pale unapofunga softiboksi, ukiwa wa kampuni ya Bowens una bahati, kampuni ilifungwa 2017 lakini mdomo wake bado unatengenezewa vifaa kila kona. Ukiwa wa ajabu tafuta adapta, ikikosekana basi mwavuli, karibu kila taa ina tundu la mwavuli.

Tukimaliza, nazima modelingi naacha taa ipoe kabisa kabla sijarudisha kile kifuniko, mnajua kwanini. Na kila baada ya miezi miwili mitatu naziwasha saa moja hata kama sina kazi nazo, zisilale tena.