Carla Shatz na ubongo unaojisuka gizani

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo mi nna hamu kwelikweli, maana tunamuongelea mtu ninayemkubali mno, Carla Shatz. Kaka Musa, unamjua?

MUSA: Namjua juujuu, ni yule mama wa Stanford, mambo ya ubongo unavyokua. Alianzia wapi?

ZUHURA: PhD yake alichukua Harvard 1976, kwa David Hubel na Torsten Wiesel, wale waliokuja kupata Nobel 1981. Sasa hao walikuwa wameshaonyesha kwamba ukimziba mtoto wa paka jicho moja kwenye miezi yake ya mwanzo, alafu ukaja kulizibua, jicho lenyewe linakuwa zima, ila ubongo umeshaacha kulisikiliza, karibu seli zote za sehemu ya kuonea zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa ukimfanyia vilevile, seli hazihami.

MUSA: Inauma kusikia, lakini si ndo maana mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho madaktari hawataki kungoja?

ZUHURA: Ndo maana hasa! Ukichelewa, upasuaji utaenda vizuri tu na bado mtoto hataona sawasawa.

MUSA: Dah.

ZUHURA: Sasa Carla akarudi nyuma zaidi, akajiuliza, na kabla ya kuzaliwa je? Maana kuna kituo katikati ya ubongo kinapokea nyuzi za neva kutoka macho yote mawili, mwanzoni zimechanganyikana ovyo, lakini paka anapozaliwa zimeshajitenga, tabaka la jicho hili, tabaka la jicho lile. Na huko tumboni hakuna anachokiona! Nani kazipanga?

MUSA: Mi ningesema jeni.

ZUHURA: Na wengi walisema hivyo. Jeni zinaufikisha uzi mtaa wenyewe, hilo kweli, ila mlango wa kugonga unatafutwa kivingine. 1988 yeye na mwanasayansi mwenzake Michael Stryker walichukua sumu ya samaki bunju, ile tetrodotoksini inayozima umeme wa neva, wakaipitisha taratibu kwenye ubongo wa paka ambaye hajazaliwa. Nyuzi hazikujitenga.

MUSA: Kwahiyo umeme ulikuwepo. Unatoka wapi sasa na macho yamefumba?

ZUHURA: Hapo ndo napapenda! 1991 Carla na wenzake wakatandaza retina changa, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, juu ya elektrodi 61, vile vinasa umeme vidogo, hakuna mwanga wowote, wakasikiliza. Seli zinapiga umeme zenyewe, moja inamwamsha jirani yake, jirani naye jirani yake, wimbi linapita kwenye retina, alafu kimya kama dakika mbili hivi, alafu wimbi lingine linaanzia kwingine kabisa. Yaani jicho halijawahi kuona chochote na tayari linaupelekea ubongo habari!

MUSA: Subiri kwanza dada, wimbi linasaidiaje kupanga?

ZUHURA: Seli zilizo jirani zinapiga pamoja, za jicho la pili zinapiga wakati wake. Kwahiyo ubongo unajua nani yuko karibu na nani kwa kuangalia nani kapiga sawa na nani. Wanaopiga pamoja wanaimarisha viunganishi vyao, wanaopishana wanakatwa.

MUSA: Wanakatwa na nini lakini?

ZUHURA: Ee, na hapa ndo alipokuja kushtua watu. Maabara yake ilizima umeme ikatafuta ni jeni zipi zinabadilika, 1998 ikatoka MHC daraja la kwanza, protini za kinga ya mwili! Zile zile zinazoangaliwa mtu akitaka kupandikizwa figo. Na kipindi hicho ilikuwa inafundishwa kwamba neva zenye afya hazina hizo kabisa. Mi namheshimu sana hapo, maana hakuwa mtu wa kinga, angeweza kusema labda sampuli imechafuka akaendelea na mawimbi yake yaliyomjengea jina. 2000 wakaonyesha panya wasio na protini hizo, nyuzi za macho hazijitengi vizuri.

MUSA: Sasa kwa sisi tulioshakua, dirisha la ubongo kujipanga ndo limefungwa hivyo?

ZUHURA: Kuna kipokezi, yaani protini ya kwenye seli inayopokea ishara, kinashikana na hizo hizo MHC, kinaitwa PirB, kazi yake ni kama breki, kinaubana ubongo usibadilike ovyo. Maabara yake ilipokizuia kwa panya wakubwa waliokuwa na jicho vivu, lile ambalo ubongo umeacha kulisikiliza, jicho likaanza kupona. Alafu 2013 wakakuta beta-amiloidi, ile protini ya ugonjwa wa Alzheimer, inajishika kwenye kipokezi hicho hicho.

MUSA: Kwahiyo breki ya utotoni inaweza kuwa ndo inayokula viunganishi uzeeni?

ZUHURA: Ndo anachokifuatilia. Na binadamu tunacho cha kwetu kinachofanana nacho, LilrB2, nacho amiloidi inakishika. Dawa bado, hizo za jicho ni panya, tusimdanganye mtu. Ila ona alivyofika hapo, alianza na nyuzi za macho ya paka tu.

MUSA: Na 2016 akapewa Kavli, tuzo kubwa ya sayansi ya ubongo, pamoja na Eve Marder na Michael Merzenich. Huyo Merzenich tumuweke wiki ijayo basi, maana yeye alishughulika na ubongo wa wakubwa.

ZUHURA: Sawa, ila usome wewe, mi ntauliza.