Bawa, Joto na Kasi: Hesabu ya Ndege Ndogo Ikiwa Mtwara

Waheshimiwa walimu, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi madirishani, yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Msangamkuu kwa mashua ya tanga ameshazionja nguvu mbili ninazokuja kuzihesabu, yaani kuinua na ukinzani, ila tanga limesimama na bawa limelazwa.

Tuchukue Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ambayo bawa lake lina eneo la mita za mraba 16.2, tuipakie hadi ifike kilo 1,000. Uzito wake ni nyutoni 9,810, na ndege isiyopanda wala kushuka huhitaji nguvu ya kuinua iliyo sawa na uzito huo. Nguvu hiyo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa, yaani kilo za hewa zilizomo katika kila mita ya ujazo, kwa mraba wa kasi, kwa eneo la bawa, kisha kwa kizigeu cha kuinua, yaani namba inayoonyesha jinsi bawa linavyoinua vizuri, ambayo hukua, hadi kikomo fulani, kadiri bawa linavyoukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi. Vitabu hutoa densiti ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, lakini hiyo ni hewa ya nyuzijoto 15. Hapa pwani, mchana wa nyuzijoto 32, tunabaki na 1.16 hivi, na rubani anayelisahau hilo atashangaa njia ya kurukia imefupishwa na nani.

Kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde, kizigeu cha kuinua kinachotakiwa ni 0.65. Ukinzani, yaani nguvu ya hewa inayoivuta ndege nyuma, huhesabiwa kwa kanuni ileile, isipokuwa kizigeu chake kina sehemu mbili: ya kwanza, ambayo naikadiria kuwa 0.032, hutokana na umbo na msuguano. Ya pili huzaliwa na kuinua kwenyewe, maana hewa ya chini ya bawa huponyoka kwenye ncha na kupanda juu, na sehemu hiyo ni mraba wa kizigeu cha kuinua uliogawanywa, kwa bawa hili, kwa takriban 17.7. Jumla ni 0.056, yaani ukinzani wa nyutoni 840 hivi.

Sasa punguzeni mwendo hadi mita 30. Mwendesha baiskeli aliyepakia gunia la korosho angeapa kwamba ukinzani utapungua, na kwa baiskeli yake hakosei. Lakini bawa sasa linadai kizigeu cha 1.16, sehemu ya pili inapanda hadi 0.076, na ukinzani unafika nyutoni 915. Kwa hiyo rubani anayekuja kutua polepole mno, akiona anazama akainua pua bila kuongeza nguvu ya injini, huuzidisha ukinzani uleule unaomzamisha. Na kizigeu kikikaribia 1.5, ambapo kwa joto letu mwendo umeshuka hadi mita 26 hivi, hewa hubanduka juu ya bawa na kanuni ya sehemu mbili haitumiki tena.