Daftari la Wapiga Kura na Uzito wa Kura Moja

Mabibi na mabwana,

Tumezoea kuuzungumzia uchaguzi tangu kampeni zinapoanza, ilhali mwananchi huipata au huikosa kura yake miezi mingi kabla ya hapo, mbele ya karani wa uandikishaji. Hoja yangu leo ni kwamba mfumo wa uchaguzi ndio unaoamua ugomvi wa daftari uwe mkali kiasi gani.

Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wake wa 1994 bila daftari la wapiga kura. Hilo liliwezekana, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa mgawo wa viti ulifuata uwiano wa kura za vyama: mtu akipigia kura Soweto au Durban, chama chake hakipotezi kitu katika hesabu ya nchi nzima. Baadaye daftari liliundwa, lakini kwa chama kinachotaka viti vya Bunge, kuhamisha wafuasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bado hakuna tija kubwa.

Kwetu mambo ni tofauti. Katika majimbo ya Tanzania na Kenya anayeongoza hutwaa kiti, hata kwa kura moja, na kwa hiyo mahali ulipoandikishwa ni sehemu ya uzito wa kura yako. Ndiyo maana orodha inapobandikwa ukutani, mawakala wa vyama huipitia jina kwa jina wakitafuta waliofariki, waliohama na wasiojulikana mtaani, kisha huweka pingamizi. Kenya imeongeza jambo jingine: anayetaka urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, hivyo katika sharti hilo la pili Lamu, yenye wapiga kura wachache, huhesabiwa kaunti moja sawa na Nairobi.

Mahali ambapo jambo hili limekuwa zito kuliko kwingine ni Zanzibar. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Seif Sharif Hamad, tofauti ya kura 1,565. Penye pengo la namna hiyo, swali la nani ni mkaazi haliwezi kubaki la kiofisi tu. Sheria ya uchaguzi imekuwa ikidai miezi 36 ya kuishi jimboni mfululizo, na anayetarajiwa kumjua mkaazi ni sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, eneo dogo la utawala la Zanzibar, ambaye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa wala hachaguliwi na watu wa shehia yake. Sisemi kwamba masheha wote hupendelea; nasema kwamba neno la mtu mmoja, likitolewa kwa mdomo barazani, linaweza kumwondoa raia katika uchaguzi mzima, naye asiwe na karatasi ya kukatia rufaa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji mashine mpya. Kila anayekataliwa apewe uamuzi kwa maandishi, wenye sababu, tarehe na saini, siku hiyohiyo, wakati dirisha la pingamizi bado liko wazi.