Makubadhi ya Ami Mlangoni mwa Klabu

KASSIM: Haya jamani tumerudi. Zuhura leo kaja amenuna, hata chai hakugusa. Hebu waambie watu.

ZUHURA: Jumanne niko Nairobi na ami yangu, tumealikwa chakula cha mchana klabu moja ya zamani, jina silitaji. Ami kavaa kanzu imepigwa pasi, koti, kofia, makubadhi mapya ya Lamu. Gadi akamwangalia miguu tu, akasema viatu vya wazi haviingii.

KASSIM: Makubadhi?!

ZUHURA: Makubadhi, Kassim!

KASSIM: Wallahi ningelia. Babu yangu alikuwa na jozi mbili, za kila siku na za harusi, zile za harusi amezifunga kwenye kitambaa juu ya kabati na mtoto hagusi. Mtu akikuposea na makubadhi mguuni hapa Mombasa ushajua amekuja kwa heshima.

ZUHURA: Ndo nashangaa, ile ile nguo ya heshima kule inaitwa utovu wa adabu.

KASSIM: Kwa sababu klabu hizi Waingereza walijitengenezea wenyewe. English Club ya Unguja, pale Shangani, ni ya 1888, hata Zanzibar haijawa chini ya Uingereza, hiyo ilikuja 1890. Mombasa Club yetu 1897.

ZUHURA: Na tazama iko wapi! Jirani na Ngome ya Yesu, na ngome yenyewe Waingereza waliigeuza jela 1895 mpaka 1958. Yaani miaka sitini watu wanapunga upepo wa bahari upande huu, upande ule wafungwa. Babu zetu ngomeni waliingia na pingu, klabuni waliingia na trei.

KASSIM: Hapo nakubali. Lakini majengo nayatetea. Nyumba ngapi za Mji wa Kale boriti zimeoza, dari limeshuka? Klabu ina memba wanalipa kila mwaka, paa likivuja linatengenezwa. Ukifungua kwa kila mtu nani atalipa?

ZUHURA: Ile ya Shangani leo ni hoteli, Africa House, unapanda barazani unatazama jua likizama na hakuna aliyekuuliza wewe mtoto wa nani. Na jengo limesimama.

KASSIM: Bei ya soda pale nayo ni gadi, dada.

ZUHURA: Pesa nitaweka akiba niende. Lakini kupendekezwa na memba, na memba mwingine aunge mkono, hiyo nitaweka akiba wapi?

KASSIM: Kila jumuiya ina masharti, hata chama chenu cha kina mama.

ZUHURA: Chama chetu hakijakalia ufuo wa mji!

KASSIM: Mimi bado nasema bora mlango umefungwa na nyumba iko, kuliko mlango wazi na kifusi.

ZUHURA: Na mimi nasema nyumba nisiyoingia kwangu ni ukuta tu.

KASSIM: Sasa nilikuwa nimeandika mambo matatu ya kuwafundisha watu kuhusu kutunza majengo ya zamani, karatasi hii hapa, na tumebakiwa na dakika moja.

ZUHURA: Iache. Yatakuja wiki ijayo.

KASSIM: Basi niambie, ami alikula wapi?

ZUHURA: Eastleigh, biriani ya mbuzi. Alivua makubadhi mlangoni mwenyewe, akaketi mkekani.