Yuj: Nira ya Maksai na Mkeka wa Yoga

SALMA: Karibuni tena. Masanja kaingia studio na jambo lake, hata chai hajaigusa.

MASANJA: Chai itangoja. Jumamosi nilikwenda darasa la yoga, kwa ajili ya mgongo wangu huu mnaoujua. Mwalimu akasema, "Yoga maana yake ni kuunganisha." Basi nikakaa pale mkekani nawaona maksai wa babu kule Shinyanga! Maana neno hilo linatoka kwenye mzizi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yuj, na yuj ni kufunga mnyama nira.

SALMA: Ndiyo maana leo tumepanga mambo matatu: maumbo ya mzizi huo, viambishi vyake, halafu yuga, zile enzi za Wahindu. Haya, maumbo.

MASANJA: "Anafunga" ni yunakti. Sikiliza vizuri, hiyo na imepenya katikati ya mzizi! Sisi Waswahili tunabandika mbele na nyuma: nafunga, nafungia, nafungwa. Wao wameupasua mzizi wakaingiza kitu ndani. "Kilichofungwa" ni yukta, j imegeuka k. U ikipanda kuwa o, na j ikawa g, unapata yoga. U ikibaki ilivyo, ni yuga, na yuga ni nira yenyewe, ule mti wa shingoni.

SALMA: Nira hiyohiyo kwa Kilatini ni iugum, kwa Kigiriki zygon, Kiingereza yoke. Hawakuazimana, wamerithi kwa bibi mmoja, lugha moja ya kale.

MASANJA: Na yojana je? Ni kipimo cha umbali, mwendo mnaokwenda kabla ya kufungua wanyama. Hiyo mtu aliyelima anaielewa mara moja. Babu alikuwa hafungi maksai wawili wachanga pamoja, abadan. Mchanga anafungwa na mzee aliyezoea, na kila mmoja ana upande wake. Ukimhamisha wa kushoto ukampeleka kulia, asubuhi yote imekwenda. Yule mchanga anavuta, anasimama, anataka kugeuka. Mzee wala hashtuki, anatembea tu. Baada ya siku kadhaa unaona hatua zao zimelingana, na plau inakwenda imenyooka.

SALMA: Masanja, viambishi.

MASANJA: Subiri, nafika. Katha Upanishadi, andiko la kale la Wahindu, inasema mwili ni gari, akili ndiye dereva, fikra ni hatamu, hisi ni farasi. Asiye na fikra zilizofungwa, farasi wake wanamshinda. Neno lililotumika pale ni yukta! Ni palepale kwa babu.

SALMA: Hapo ndipo siendi na wewe, wala na mwalimu wako. Orodha ya mizizi ya wanasarufi wa mapokeo ya Panini, yule bingwa wa kale wa sarufi ya Kisanskriti, yenye mizizi kama 2,000, ina yuj zaidi ya moja. Iko ya kuunganisha, kundi la saba la vitenzi, ndiyo yunakti yako. Na iko ya kundi la nne, maana yake samadhi, kutulia kwa fikra. Vyasa, akifafanua sutra za Patanjali, yaani zile kauli fupi za msingi za yoga, anaanza hivi: yoga ni samadhi. Vachaspati Mishra, mfafanuzi wa baadaye, akaja akasisitiza kwamba ni mzizi ule wa pili, si wa kuunganisha.

MASANJA: Wanasarufi wamegawa mzizi mmoja kwa sababu maana zimekuwa nyingi. Katika Rigveda, zile tenzi za kale za dini, ni farasi wa miungu wanafungwa kwenye magari kwa kitenzi hichohicho. Sutra zimekuja baadaye sana.

SALMA: Asili ya neno si maana yake. Patanjali mwenyewe anasema yoga ni kuzuia mizunguko ya fikra. Na mwisho wa safari yake ni kaivalya, upweke wa roho, roho imeachana na maumbile. Mfalme Bhoja, naye mfafanuzi wa sutra hizo, karne ya 11, anasema waziwazi kwamba huko kutengana nako kunaitwa yoga. Sasa kuunganisha kuko wapi?

MASANJA: Wewe mwezi wa Ramadhani unafanya nini?

SALMA: Nafunga.

MASANJA: Kitenzi gani hicho? Kilekile cha ng'ombe!

SALMA: Na nikifunga najiunga na nini? Najizuia. Umenipa ushahidi wangu, kaka.

MASANJA: Nimekupa wangu! Nira inazuia kwa sababu imeunganisha. Yule mchanga hageuki kwa kuwa yuko na mwenzake.

SALMA: Kwenye nira wako wawili. Kwa Patanjali anabaki mmoja.

MASANJA: Sikubali.

SALMA: Wala mimi. Na fundi ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Viambishi tuvitaje tu: samyoga, kukutana; viyoga, kuachana; prayoga, matumizi.

MASANJA: Viyoga, ndiyo neno la Bhoja hilo.

SALMA: Ndilo. Na yuga ile ya enzi hatukuigusa kabisa, wakati enzi moja tu, Kali Yuga, ni miaka 432,000.

MASANJA: Lakini ile ya kushoto na kulia sijamaliza. Babu alikuwa na maksai mmoja mwekundu, huyo ukimfunga kulia...

SALMA: Wiki ijayo, Masanja. Kwaherini, jamani.