Kumchunga Mnyama Aliye Nusukaputi: Farasi na Kondoo

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika, hasa wenzetu mliosafiri usiku kucha kutoka Karamoja hadi hapa Kampala. Kondoo ndio kazi yenu ya kila siku, lakini leo naanza na farasi. Hapa Uganda ni wachache, na kwa sababu hiyo anapotufikia hutukuta mikono haijamzoea.

Hofu yetu kwake ina msingi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, hata ukiwaondoa wanaopasuliwa kwa maumivu ya tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 hufa wakati wa nusukaputi au siku chache baadaye.

Wengi wetu huhesabu mapigo ya moyo na kungoja yapande ndipo tujue mnyama anaamka. Kwa farasi, msitegemee hilo. Moyo unaweza kupiga 35 kwa dakika, ukaendelea hivyohivyo mpaka anaporusha teke. Tazameni jicho. Likichezacheza kwa kasi, machozi yakitiririka na kope zikipepesa bila kuguswa, usingizi ni mwepesi. Kope zikijibu polepole unapozigusa kwa kidole, endelea na kazi. Zisipojibu kabisa, na jicho limetulia katikati likiwa kavu, amezama mno: punguza dawa. Ila kama mmetumia ketamini, mojawapo ya dawa za kumlaza, kope hubaki na nguvu hata akiwa amelala vizuri, kwa hiyo msikimbilie kuongeza dozi.

Kisha shinikizo la damu. Wastani wake usishuke chini ya milimita 70 za zebaki. Mnyama wa kilo 450 akilalia ubavu, misuli ya chini hukandamizwa. Shinikizo likishuka damu haiifikii, na akiamka hawezi kusimama. Tandikeni godoro nene, mvueni hatamu kichwani ili chuma chake kisiumize neva ya uso. Mapigo yapapaseni chini ya taya, ateri inapopinda kuelekea shavuni. Mapigo yakiwa hafifu, shtukeni. Lakini yakiwa na nguvu, hiyo peke yake haithibitishi kwamba shinikizo linatosha. Mwenye mashine ya kupima shinikizo aitumie.

Sasa kondoo. Jicho lake halisemi mengi. Akianza kutafuna au kumeza, ndiyo dalili kwamba usingizi unapungua. Hatari yake kubwa ni tumbo na pumzi. Akilala, gesi hujaa tumboni na kuyabana mapafu, na chakula hupanda kooni. Ndiyo maana tunamnyima chakula kwa muda wa saa 12 hadi 24 kabla ya kumlaza, na tunamwekea bomba la hewa lenye puto linaloziba njia ya hewa pembeni mwa bomba, chakula kisiingie mapafuni. Mate hayakomi hata akiwa usingizini, hivyo wekeni taulo lililokunjwa chini ya shingo, mdomo uelekee chini, yamwagike nje.

Zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, nayo naiogopa sana kwa kondoo. Dozi yake kwa kilo ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya farasi, na hata hivyo inaweza kuyajaza mapafu maji huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka kama kawaida. Msihesabu pumzi tu. Funueni mdomo, mtazame rangi ya fizi, na kipima oksijeni kikiwapo kibanwe ulimini. Andikeni kila dakika 5, maana kushuka kidogokidogo huonekana kwenye karatasi kabla ya kuonekana kwa macho.

Mkimaliza, mlazeni kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake. Bomba lisitoke mpaka ameze mwenyewe.