Redio ya Daktari, Masikio ya Mgonjwa

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kuzungumzia muziki kwa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji, na kumalizia kwa mambo matatu ambayo mgonjwa anaweza kuyaandaa kabla ya kulazwa. Nitaanza na jambo la nyumbani. Jumanne nilimpeleka mama kuondolewa mtoto wa jicho. Alichomwa sindano ya ganzi, akafunikwa uso, na muda wote akawa anasikia kila kitu. Operesheni ilikwenda vizuri, tunamshukuru Mungu. Ila redio ya chumba kile ilikuwa ikipiga nyimbo asizozipenda kabisa, naye hakuthubutu kuomba izimwe, kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kumwamuru mtu anayemtibu jicho.

HAMISI: Mpe mama pole zangu, dada Salma, na umwambie nitakuja kumwona. Wanaotusikiliza siku zote wanafahamu miaka niliyofanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji, na redio kama hiyo nimeiwasha mara nyingi kwa mkono wangu. Desturi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1914 Evan Kane, daktari wa upasuaji wa Pennsylvania, Marekani, aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kuhusu gramafoni aliyoiweka katika chumba chake cha upasuaji, na hoja yake ilimhusu mgonjwa, kwamba sauti ile huyahamisha mawazo yake kutoka kwenye hofu.

SALMA: Basi tangu mwanzo ilikusudiwa iwe ya mgonjwa, kaka Hamisi. Ilihamia lini kwa daktari?

HAMISI: Haikuhama, ila ikawa ya wote. Naomba kwanza niweke ushahidi mezani. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Uingereza uliokusanya majaribio 73, yenye wagonjwa karibu 7,000 kwa jumla. Waliosikilizishwa muziki kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji au baada yake walipata maumivu madogo zaidi, wasiwasi wao ulipungua, walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu na waliridhika zaidi na huduma, ingawa siku za kukaa hospitalini hazikupungua. Nafuu hiyo ilionekana hata kwa waliokuwa wamelazwa usingizi kabisa. Tena, watafiti walipolinganisha wagonjwa waliochagua muziki wenyewe na wale waliochaguliwa muziki na watu wengine, tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba huenda ilitokana na bahati tu.

SALMA: Ninaupokea uchambuzi huo kwa moyo mmoja, lakini majaribio yale yaliuliza kama muziki uliokusudiwa kumtuliza mgonjwa unamtuliza. Hayakuuliza kuhusu redio ambayo daktari ameiwasha kwa ajili yake mwenyewe, na mama yangu alisikilizishwa redio ya namna hiyo.

HAMISI: Daktari naye anahitaji utulivu, na utulivu wake ni usalama wa mgonjwa. Mwaka 1994 jarida lile lile la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa Allen na Blascovich uliohusisha madaktari wa upasuaji 50. Walipofanya kazi huku wakisikiliza muziki walioupenda, miili yao ilionyesha msongo mdogo na kazi yao ilikuwa ya haraka na sahihi zaidi.

SALMA: Waeleze wasikilizaji kazi yenyewe ilikuwa ipi.

HAMISI: Ilikuwa hesabu za kutoa, zilizofanywa katika maabara.

SALMA: Kwa hiyo hapakuwa na mgonjwa wala damu. Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo umelipita, nalo ni kwamba madaktari wale walipopigiwa muziki uliochaguliwa na watafiti, manufaa yalipungua. Ikiwa uchaguzi wa mwenyewe una maana kwa daktari anayepiga hesabu akiwa ameketi, kwa nini usiwe na maana kwa mama aliyefunikwa uso huku jicho lake likifanyiwa kazi?

HAMISI: Madaktari wale walikuwa wapenzi wa muziki waliojitolea, nao walikuwa 50 tu. Siwezi kuuacha uchambuzi wa wagonjwa karibu 7,000 kwa ajili ya kundi hilo.

SALMA: Sikuambii uuache. Nakuomba utazame upande wa pili wa redio. Nchini Uingereza, Sharon-Marie Weldon na wenzake walirekodi operesheni 20 kwa video, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Palipokuwa na muziki, uwezekano wa daktari kulazimika kurudia ombi kwa muuguzi ulikuwa mkubwa mara 5. Mama alisikia kifaa kikiombwa, kikaombwa tena. Mtu aliye macho akisikia hivyo hujiuliza kama mambo yanakwenda sawa.

HAMISI: Hapo tatizo ni sauti kupandishwa mno, na sauti hupunguzwa.

SALMA: Nani atampa mgonjwa uwezo wa kusema ipunguzwe? Mimi nasema redio izimwe, na mgonjwa apewe vipokea sauti vya masikioni. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio lililofanywa katika hospitali 5 za Ujerumani, ambamo wagonjwa 385 walivishwa vifaa hivyo wakiwa usingizini. Nusu yao walisikilizishwa muziki pamoja na maneno ya kutia moyo, na wengine waliwekewa kanda isiyo na sauti. Katika saa 24 za mwanzo baada ya upasuaji, asilimia 63 ya kundi la kwanza walihitaji dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, wakati katika kundi la pili ilikuwa asilimia 80.

HAMISI: Hao walikuwa usingizini, wala huwezi kuutenga muziki na yale maneno. Mgonjwa wa ganzi lazima asikie akiambiwa, "Mama, usitikisike." Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliulinganisha muziki na midazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa watu 157 waliochomwa sindano ya kutia neva ganzi kabla ya upasuaji. Wasiwasi ulipungua kwa kiasi kinachokaribiana, jambo la kufurahisha, lakini madaktari na wagonjwa wenyewe walisema vile vifaa vya masikioni viliwatatiza kuzungumza.

SALMA: Basi iwekwe spika ndogo karibu na kichwa chake, ipige qasida au taarabu aliyoichagua mwenyewe.

HAMISI: Na daktari asiyezoea taarabu afanye nini katika saa nzima ya kazi nyeti? Mwenzetu wa mitambo ananionyesha kwamba zimebaki dakika 2, na yale mambo matatu hatujayagusa.

SALMA: Hatutayawahi. Nitasema moja tu, kwamba mgonjwa aulize mapema, siku ile ya kusaini fomu ya ridhaa, kama ataruhusiwa kwenda na nyimbo zake.

HAMISI: Kuuliza naunga mkono. Lakini kazi ikishaanza, uamuzi wa sauti ubaki kwa anayefanya upasuaji.

SALMA: Hilo silikubali, kaka Hamisi.

HAMISI: Najua. Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo.